CD ya Malimbuko

Kama hujawahi kumsikia Benson akitamka neno "deki", basi dharau umeisikia kwa kuhadithiwa tu. Alilivuta kwa pua, "deeeki", halafu akafyonza, utadhani aliyelitaja kamkanyagia kiatu chake cheusi chenye ncha. Kwake yeye deki, mashine ya kuchezea CD, ilikuwa mali ya wazee na vibanda vya video vya Ikungi enzi zile. Mtu mwenye akili zake leo ana laptopu, ana flashi, ana simu ya kugusa, basi. Wengine wote ni washamba, na kijiji chetu kizima, hapa njia ya Mtinko, ukimwuliza Benson kilikuwa na washamba watupu isipokuwa mmoja, na huyo mmoja unamjua.

Na kazaliwa wapi huyu bwana? Hapa hapa! Kachunga mbuzi hapa hapa, kamasi zinamtoka, akamaliza la saba kwa kusukumwa. Ila alikwenda Dodoma, akasoma kozi ya kompyuta, akafagia kidogo studio ya mtu fulani, na aliporudi alikuwa na begi la laptopu mgongoni na shikamoo fupi. Hiyo shikamoo ndiyo iliyowaudhi watu. Alikuwa akikutana na mtu mzima njiani anaitupa "shkamo" bila kupunguza mwendo, kama ganda la karanga, na marahaba ikitoka yeye keshafika kwenye kona.

Hata hivyo kinanda alikijua, tumpe haki yake. Mwalimu wa kwaya wa zamani alikuwa amemfuata mwanawe Manyoni, usharika ukabaki na kwaya isiyo na mwalimu, na vidole vya Benson vilikuwa na adabu kuliko ulimi wake. Wakampa kwaya. Wakampa na kazi ya kuwarekodia albamu ya kwanza.

Sasa hiyo CD ilikujaje, maana siku hizi nani ana habari na CD? Ni Mchungaji Filipo, aliyekuwa amebakiza wiki chache astaafu arudi kwao Kintinku. Benson alikaa naye akamweleza kwa mbwembwe kwamba nyimbo zitakuwa ndani ya kompyuta, watu watawekewa kwenye flashi na kwenye simu, mambo kisasa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, mimi hubariki kitu ninachokishika. Hewa siwezi kuiwekea mikono."

Ikanunuliwa CD moja, tupu, ya rangi ya dhahabu, ndani ya kasha lake la plastiki. Jumapili ya mavuno ikawekwa mbele ya madhabahu, katikati ya madebe ya uwele na mtama, vibuyu vya asali na kuku waliofungwa miguu. Mchungaji Filipo akaiwekea mkono, akaomba, na baada ya ibada akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu yake jina lake na msalaba, asije mtu akaibadilisha. Kisha akatoa utaratibu. Kila wimbo utakaokuwa tayari utaongezwa kwenye CD hii hii, si nyingine, na hii ndiyo itakayozinduliwa. Na wimbo wa kwanza kuingia utakuwa malimbuko, na malimbuko hutolewa na mkubwa.

Benson nusura apasuke kwa kicheko. "Wamebariki CD tupu!" aliwapigia simu wenzake wa Dodoma. "Tupu kabisa, haina hata faili moja, wanaipigia makofi!"

Mkubwa katika kwaya alikuwa Rahabu, mjane, sauti ya pili, ambaye wote tunamwita Mama Hezekia. Usije ukamdhania mama mpole mwenye machozi karibu. Mama Hezekia ulimi wake hautiwi sukari. Akikuona umevaa vibaya atakwambia umevaa vibaya, hata kama ni siku ya harusi yako. Alikuja chumbani kwa Benson Jumatatu asubuhi na kuku mkononi, zawadi ya mwalimu, akakaa kwenye kiti mbele ya maiki, akaimba wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Aliutunga peke yake uwanjani, akipepeta uwele, mwaka aliomzika mumewe, na tangu hapo alikuwa hajaufungulia mdomo mbele ya mtu.

*Nipepete, Bwana, nipepete,*
*upepo wa jioni uchukue makapi,*
*zikibaki punje chache, zikutoshe.*

Wewe! Benson aliganda. Mtu aliyekuwa hasimamii shikamoo alikaa pale na vipokea sauti masikioni mpaka mama akamaliza ubeti wa mwisho, na mashine ikiwa bado inanasa, akafungua kinywa akamwambia mama yule maneno. Yakaingia yote. Hakuyakata, kwa sababu siku ile hakuyaonea haya. Akayachoma pamoja na wimbo kwenye CD ya mchungaji, Mama Hezekia akitazama, na CD akaiacha wazi, yaani hakuifunga, ili nyimbo nyingine zije kuongezwa baadaye. Ndivyo CD za aina ile zinavyokwenda: unachoma leo kidogo, kesho unaongeza, mpaka ijae au uifunge.

Kama mambo yangeishia hapo, leo tungekuwa tunamsifu.

Lakini mwezi haukupita, Benson akaitwa kupiga kinanda kwenye harusi Ikungi. Wakati watu wanakula, akawa anachezea ule wimbo wa Mama Hezekia, taratibu, bila maneno. Meza ya mbele alikuwepo Bi Jenipher, mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida mjini, mwanamke mnene, mcheshi, asiyedanganywa bei. Akaacha nyama, akamwita. "Mwalimu, huo wimbo wa nani?"

Jibu lilikuwa na maneno mawili tu, wa Rahabu. Benson akatoa moja. "Wangu."

Basi yakawa hayo. Bi Jenipher akasema ukiwa tayari amtumie kwenye simu, na kwenye uzinduzi atakuja mwenyewe kuwa mgeni rasmi. Jengo lake la mjini lilikuwa na chumba cha mbele kitupu, kinachotazama barabara. "Aliyetunga kitu kama hicho," akasema, "mimi nitamfungulia studio pale." Benson alirudi nyumbani haoni barabara. Studio! Mjini! Jina lake juu ya mlango!

Na tangu siku ile akaanza kumchukia Mama Hezekia. Binadamu ni kitu cha ajabu. Ukimwibia mtu, inabidi na kumdharau umdharau, la sivyo usingizi hauji. Alianza kuona vitu ambavyo zamani hakuviona: kwamba mama yule ana miguu yenye nyufa, kwamba ananuka moshi, kwamba anasema "kopyuta". Mtu kama huyu wimbo ataupeleka wapi? Utaozea kwenye ungo. Akausafisha, ndivyo alivyojiambia, akauwekea ngoma za kompyuta, na maneno akayatupa akaweka ya kwake:

*Niinue, Bwana, niinue,*
*adui zangu waone wakose la kusema,*
*nipe meza kubwa, wao wabaki mlangoni.*

Takataka! Lakini Joyce, msichana mwenye sauti nzuri kuliko wote kwaya nzima, ndiye aliyepewa kuuimba, na Joyce hata ukimpa orodha ya madawa atakuimbia ulie. Benson akamtumia Bi Jenipher kwenye simu, Bi Jenipher akajibu kwa vidole gumba na mioyo.

Ikabaki CD. Kuitupa hakuweza, ina jina la mchungaji. Kuibadilisha hakuweza pia, kwa sababu mwenyekiti wa kwaya, Mzee Obadia, aliitunza kwenye kabati la ofisi ya usharika, imefungwa kitambaa cheupe, na ikitolewa alikuja nayo mwenyewe akakaa pembeni mpaka irudi. Mlinzi gani sasa! Mzee Obadia ni mtu ambaye jambo lolote likimshinda husema "tuliombee", na mengi humshinda. Siku Benson alipoongeza nyimbo zote nane za albamu, mzee alikaa pale pale, akitazama skrini kwa heshima, na hakuelewa hata chembe.

Kilichofanyika ni hiki. Unapoongeza faili kwenye CD iliyokwisha kuchomwa, programu inakuuliza, yale ya zamani yaonekane pamoja na haya mapya, au orodha ianze upya? Benson akachagua ianze upya. Ukifungua CD kwenye kompyuta baada ya hapo utaona nyimbo nane, ya kwanza "Niinue", mtunzi Benson. Malimbuko huyaoni. Hayajafutika, maana CD ya aina ile haifutiki, ukichoma umechoma. Alipoigeuza kwenye mwanga aliuona kabisa ule mzingo mwembamba karibu na tundu la katikati, wimbo wa Mama Hezekia, na baada yake ule mpana wa nyimbo zake nane. Akacheka. Nani hapa kijijini angejua?

"Imeingia vizuri?" akauliza Mzee Obadia.

"Imeingia, mzee."

"Tumshukuru Mungu."

Mama Hezekia aliusikia wimbo wake mazoezini kama walivyousikia wengine. Joyce alipofika ubeti wa pili, mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Huo wimbo ni wangu."

Benson hakuinua macho kwenye kinanda. "Mama, tuni zinafanana. Tuni za kwenu huku zote zinafanana."

"Za kwetu wapi? Wewe umezaliwa Ulaya?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo alipokosea mama, kwa sababu Benson alivumilia vyote isipokuwa kuchekwa. Akapeleka mashtaka kamati ya kwaya kwamba anachafuliwa jina. Kamati ikakaa ofisini Jumamosi, Mchungaji Filipo akiwa keshastaafu na kurudi Kintinku. Mzee Obadia akafungua kwa sala ndefu, halafu akamwuliza mama ushahidi wake.

"Uko kwenye CD," akasema Mama Hezekia. "Malimbuko. Nilimwimbia, akaichoma nikimwona."

Benson alikuwa akiisubiri hiyo. Akafungua laptopu mbele yao, akaitumbukiza CD iliyobarikiwa, akageuza skrini ili wote waone, na kwa madaha akawahesabia nyimbo kwa kalamu. Nane. Malimbuko hakuna.

"Yale yalikuwa majaribio tu," akasema. "Mama aliimba pambio, sauti haikuingia vizuri, ikabidi iachwe. Sikutaka kumwaibisha."

Mzee Obadia akainamia skrini, akaitazama kwa muda mrefu. Hakika hakujua anatafuta nini. "Mama Hezekia," akasema kwa upole wa mtu anayetaka kikao kiishe, "mashine haidanganyi."

"Nani kakwambia nailalamikia mashine?"

Waliandika kwamba amtake radhi mwalimu mbele ya kwaya. Wanakamati watano, watu wazima, wanaomjua mama yule tangu alipokuwa bibi harusi, hakuna hata mmoja aliyemwambia Benson basi tuimbie ubeti mmoja wa hilo pambio. Waliiogopa laptopu. Aibu kubwa, mpaka leo nikiwaona napita upande wa pili wa njia.

Radhi hakuiomba. Aliambiwa arudi nyuma mstari wa mwisho, akarudi. Hakuacha kwaya, na hilo lilimkera Benson kuliko kama angeondoka. Mazoezi yote yuko pale nyuma, nyimbo saba anaimba, ikija "Niinue" anafunga mdomo na kumtazama. Hamkasirikii. Anamtazama hivi unavyomtazama kuku aliyeingia kanisani, ukijua kuna mtu atamtoa. Benson naye akazidisha ya kwake. Akikutana naye kisimani au dukani, ile "shkamo" yake sasa haikutoka kabisa, ilibaki kidevu kikiinuka kidogo tu. Kijana wa kumzaa! Na mama, pasipo shikamoo, akabaki na marahaba yake.

Wiki ya uzinduzi Joyce akamfuata mwalimu wake. "Mwalimu, tumeijaribu CD kwenye deki? Nyumba nyingi huku bado wana deki."

"Deeeki," akasema Benson, na kufyonza. "Joyce, unataka kwenda mjini na mimi au unataka kubaki na mambo ya deki?"

Joyce akarudi kwenye mazoezi. Ni msichana mzuri, ila hapo angepaswa kumwuliza mara ya pili.

Uzinduzi ukafika, Jumapili baada ya ibada. Waliweka turubai nje ya kanisa, viti vya kukodi, spika kubwa mbili na jenereta ya usharika, ile mbovu inayozimika kila ibada ya Pasaka. Kwaya ilishona sare mpya za zambarau. Bi Jenipher alikuja na gari mbili za ndugu zake, akaketishwa meza ya mbele yenye maua ya plastiki. CD ilikuwa mezani imefungwa karatasi la zawadi na utepe mwekundu, kama desturi, na pembeni yake mkasi juu ya sahani.

Benson alikuwa na suti. Nikuambie ilikuwa suti ya namna gani? Hapana, tusipoteze muda. Alishika kipaza sauti, akazungumza kwa kirefu juu ya safari yake, jinsi alivyofunga na kuomba, jinsi wimbo ulivyomjia usiku wa manane Dodoma akiwa peke yake na Roho. "Nikaamka," akasema, "nikaandika huku machozi yananitoka." Wanakwaya wakatazama chini. Nyuma kabisa Mama Hezekia alikuwa akimtazama yeye.

Bi Jenipher akakata utepe, vigelegele vikapigwa, akaitoa CD kwenye karatasi na kuiinua juu watu waone jina la Mchungaji Filipo na msalaba wake. Benson akanyoosha mkono aipokee. Laptopu ilikuwa tayari imeunganishwa na spika.

"Ngoja kwanza," akasema Bi Jenipher. "Mimi ni mfanyabiashara. Nikinunua pampu ya maji naiwasha pale pale dukani, na siiwashi kwa mkono wa muuzaji." Watu wakacheka. "Hamna deki hapa?"

"Mama, deki ni vitu vya zamani," Benson akasema akitabasamu. "Sauti yake mbovu. Laptopu ndiyo—"

"Hawa watakaonunua nyimbo zako, nyumbani kwao wana nini?"

"Deki!" wakaitikia wazee kwa pamoja, na makofi yakapigwa.

Deki ilikuwepo nyumba ya mchungaji, aliiacha Mzee Filipo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee Obadia mwenyewe akaja nayo mbio, ameikumbatia, kitambaa kinapepea. Na sikiliza hili: Benson hakuogopa. Kule Dodoma mkufunzi wao aliwahi kuwaambia darasani kwamba deki nyingi za zamani hazijui habari za kuongeza, husoma kile kilichochomwa mara ya kwanza tu, zikimaliza hicho zinadhani CD imekwisha. Benson siku hiyo alikaa nyuma anachati na msichana. Alichobaki nacho kuhusu deki ni kule kufyonza. Mdharau mwiba humchoma, walisema wakubwa, na wao hawakusoma kozi.

Akaunganisha nyaya mwenyewe, kwa ncha za vidole, mdomo kaukunja. Akaitumbukiza CD mwenyewe. Akawapa ishara kwaya wajipange, Joyce akasogea mbele, mkono juu, tayari kufuatisha sauti yake mwenyewe. Benson akabonyeza.

Kwanza ukasikika upepo, kisha kuku. Kuku kabisa, analalamika karibu na maiki. Halafu ikaja sauti ya kijana, ya taratibu, yenye adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Karibu ukae hapa. Usiiogope hiyo, wewe sema tu kama unavyosema siku zote. Anza na jina lako."

Watu walikuwa wakicheka, walidhani ni mbwembwe za kufungulia albamu. Joyce mkono ulikuwa bado juu. Benson alikuwa ameduwaa, na kabla miguu haijakumbuka kazi yake, spika zikasema mpaka ng'ambo ya barabara:

"Mimi Rahabu, mama yake Hezekia. Wimbo huu nimeutunga mwenyewe, uwanjani, nikipepeta uwele."

Na akaanza. *Nipepete, Bwana, nipepete.* Bila ngoma, bila kinanda, sauti kavu ya mama mtu mzima na kuku wake. Kicheko kikakatika. Tuni waliijua wote, wameifanyia mazoezi miezi kadhaa, na sasa waliisikia inakotoka. Mzee Obadia akakaa kwenye kiti ambacho hakikuwa chake.

"Samahani, samahani jamani," Benson akasema, akiiendea deki, kipaza sauti kinapiga mluzi. "Kuna hitilafu, CD imeingiliwa, naomba—"

"Kaa chini, mwalimu." Mama Hezekia hakupaza sauti. Alisema kutoka mstari wa mwisho hivi anavyomwambia mbuzi atoke kwenye mihogo. "Wimbo haujaisha."

Benson akamgeukia mgeni rasmi. Bi Jenipher alikuwa akimtazama, mkasi bado mkononi. Akarudi nyuma, akakaa juu ya boksi la spika.

Na sasa ndipo alipokumbuka. Wimbo si kitu, wimbo angetafuta la kusema, angesema mama ndiye aliyemfundisha nusu, angesema walitunga pamoja. Ila baada ya wimbo! Baada ya ubeti wa tatu yalikuwepo yale maneno yake. Akaanza kuomba, na safari hii bila kipaza sauti. Ee Bwana, jenereta izimike. Jenereta ile mbovu, inayozimika ikitazamwa vibaya, ilikuwa ikinguruma kama iliyotoka dukani jana. Ubeti wa pili ukaisha. Akina mama wa sauti ya pili wakaanza kuungurumia chini chini, midomo imefungwa, mmoja baada ya mwingine, na Joyce akateremsha mkono wake akawafuata. Ubeti wa tatu ukaja, *zikibaki punje chache, zikutoshe*, ukaisha nao. Kuku akalia kidogo.

Mtu akavuta kamasi kwenye spika.

"Mama... hii umetunga wewe mwenyewe?"

"Kwani nimekwambia nani?"

"Mama, mimi nimekaa studio, nimesikia watu wengi." Sauti ilikuwa inakwaruza, ya mtu anayelia na hajali. "Kitu kama hiki mimi siwezi kukitunga. Hata nikipewa maisha mawili, siwezi. Nakuapia mama, kila mtu atajua huu ni wako. Mimi nitawaambia."

"Haya, baba. Usilie, utaharibu mashine."

Ikabofya, na deki ikanyamaza. Benson alikuwa ametazama ncha za viatu vyake, na suti yote ilikuwa imemshuka mabegani.

Bi Jenipher akaukunja ule utepe mwekundu polepole, akautia mkobani mwake. "Huyo anayelia kwenye CD," akauliza, "ni nani?"

Kamati nzima ilikuwepo. Mzee Obadia alifungua mdomo, na naapa alikuwa anataka kusema tuombe.

"Ni mwalimu," akasema Mama Hezekia. "Kabla hajaanza kutudharau."

"Basi huyo ndiye ningemfungulia studio." Bi Jenipher akachukua mkoba. "Chumba changu cha mbele nitaweka magunia ya alizeti."

Deki ile ya zamani ilikuwa na tabia moja nyingine ambayo Benson angeijua kama angeijaribu: ikifika mwisho, hurudia mwanzo yenyewe. Ukasikika upepo tena, na kuku. Hakuna aliyenyanyuka kuizima.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Benson kwenye spika.

Mama Hezekia alikuwa ameshatoka mstari wa nyuma, anapita katikati ya viti kwenda mbele, na alipofika sambamba na lile boksi hakugeuza shingo kumtazama aliyelikalia. Aliitazama deki.

"Marahaba, mwanangu," akaiitikia.